Nani Alisema? Somo la Kuchagua na Kuhakiki Maneno ya Filamu



Somo la robo hii limetokana na kosa. Kosa hilo lilikuwa letu sisi wa ofisi ya miradi, na aliyetia sahihi ya mwisho kabla kazi haijaenda kwa mpiga chapa nilikuwa mimi mwenyewe. Tumeona ni vyema tulieleze wazi, kwani sharika nyingi za Mbeya na Iringa siku hizi zinatengeneza kalenda, vipeperushi, fulana na filamu fupi za miradi, na kosa kama letu linaweza kumpata yeyote.

Tuliandaa kalenda ya ukutani ya kuuza sharikani ili kuchangia mfuko wa maji. Kila mwezi ulikuwa na picha pamoja na maneno mafupi ya kukumbukwa kutoka katika filamu. Kazi ya kukusanya maneno tuliwapa vijana wa Soweto, hapa jijini Mbeya, kwa sababu wao wanatazama filamu kuliko sisi wazee. Walifanya kwa moyo. Kwa mwezi wa Oktoba waliweka maneno ya mama mmoja aliyehojiwa katika filamu yetu wenyewe ya mradi wa kisima. Chini ya picha yake kalenda ilisema: "Tulichimbiwa kisima, sasa tuna maji."

Nilipopeleka kalenda kijijini, mama yule aliitazama picha yake kwa furaha, akamwita mjukuu wake amsomee. Mtoto akasoma. Bibi akamwambia asome tena. Kisha akanigeukia mbele ya kamati ya maji, akasema kwa upole: "Mwanangu, mimi sikusema tulichimbiwa. Nilisema tulichimba."

Tofauti kati ya maneno hayo mawili ni herufi mbili tu, i na w. Lakini herufi hizo mbili zilichukua jasho la kijiji kizima zikampa mtu mwingine.

Tuliporudi mjini tulikaa na wale vijana tukaikagua kalenda yote, mwezi kwa mwezi. Tukakuta kwamba Oktoba haikuwa peke yake. Machi, Mei, Juni na Agosti nazo zilikuwa na kasoro, na kila moja ilikuwa na kasoro ya aina yake. Miezi hiyo ndiyo itakuwa mifano yetu katika somo hili.

LENGO LA SOMO

Baada ya kujifunza somo hili, kamati iweze:
(a) kueleza ni kwa nini maneno ya filamu hukosewa mara nyingi;
(b) kuchagua maneno yanayofaa kuchapishwa;
(c) kuhakiki maneno hayo kabla ya kuyapeleka kwa mpiga chapa;
(d) kuwalinda watu wetu wanaozungumza katika filamu za miradi.

Katika somo hili tukisema "nukuu" tuna maana ya maneno ya mtu yaliyoandikwa jinsi alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza.

1. KWA NINI MANENO YA FILAMU HUKOSEWA

Filamu si kitabu. Kitabu ukikitilia shaka unafungua ukurasa. Filamu inapita, na mtu hutoka ukumbini akiwa amebeba maana, huku maneno yenyewe yamebaki nyuma. Tumeona sababu tano za makosa.

Kwanza, kumbukumbu hunyoosha maneno. Kichwa cha mtu hupenda sentensi iliyo fupi na inayojitegemea. Katika filamu ya Marekani iitwayo Casablanca, ya mwaka 1942, mpiga piano aitwaye Sam anaombwa apige wimbo wa zamani. Duniani kote watu hunukuu ombi hilo kuwa ni "Piga tena, Sam." Sentensi hiyo haisemwi na mtu yeyote katika filamu ile. Hata hivyo imeenea mno, hata mwaka 1972 filamu nyingine ikapewa jina kwa sentensi hiyo ambayo haikusemwa. Vivyo hivyo, katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1980, Darth Vader anamfunulia Luke kwamba yeye ndiye baba yake. Watu hunukuu wakianza na jina la Luke. Katika filamu sentensi inaanza na neno "Hapana", kwa sababu anajibu jambo ambalo Luke ametoka kulisema. Ukiliondoa neno hilo, jibu linageuka kuwa tangazo.

Pili, filamu si tukio lenyewe. Mwezi wa Mei kalenda yetu ilisema: "Houston, tuna tatizo", na chini yake tukaandika jina la mwanaanga Jim Lovell na mwaka 1970. Ukweli ni kwamba Aprili 1970 chombo cha Apollo 13, kikiwa njiani kwenda mwezini, kililipukiwa na tangi la oksijeni. Aliyetoa taarifa kwanza kwa kituo cha Houston alikuwa Jack Swigert, na Lovell akarudia. Wote wawili walisema jambo lililokwisha kutokea, kama vile sisi tungesema "tumepata tatizo". Maneno ya "tuna tatizo" yametoka katika filamu ya Apollo 13 ya mwaka 1995, ambamo Tom Hanks aliigiza nafasi ya Lovell. Sisi tulichukua maneno ya filamu, tukayawekea jina na mwaka wa tukio la kweli. Nukuu ya filamu ni ya filamu, na ya tukio ni ya tukio. Hazichanganywi.

Tatu, msimulizi huongeza yake. Wengi wetu tulizijua filamu za nje katika vibanda vya video, ambavyo vijana huviita vibanda umiza. Pale filamu ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani huja na sauti ya msimulizi wa Kiswahili juu yake. Nchini kwetu wasimulizi kama Lufufu na DJ Mark walipata umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo, na Kenya wanaye DJ Afro. Msimulizi mzuri hafasiri neno kwa neno. Hueleza, hutania, huonya, na hutia methali pale anapoona watazamaji wamepoa. Mwezi wa Machi tulikuwa tumeweka maneno makali ya steringi wa filamu ya mapigano juu ya mtu anayewadhulumu wajane. Vijana walipoitafuta filamu yenyewe bila msimulizi, wakakuta kwamba pale steringi hasemi kitu ila anamwita adui yake kwa jina, basi. Hotuba yote ya wajane ilikuwa ya msimulizi.

Je, maneno ya msimulizi hayafai? Yanafaa sana, na hayo ya Machi yalikuwa mazuri kuliko ya filamu. Lakini yaandikwe kwa jina lake. Ni kazi ya kichwa chake, na kumnyima jina ni kumnyang'anya.

Nne, jina kubwa huvuta maneno ya wadogo. Mwezi wa Juni vijana waliuchagua kwa mapenzi maalumu. Wao wanaishi Soweto ya Mbeya, na tarehe 16 Juni 1976 ndipo wanafunzi wa Soweto ya Afrika Kusini walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Kwa ajili yao Afrika huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika kila tarehe 16 Juni, tangu mwaka 1991. Kwa hiyo vijana waliweka picha inayokumbusha filamu ya Sarafina! ya mwaka 1992, iliyoigizwa na Leleti Khumalo, Whoopi Goldberg na Miriam Makeba. Chini ya picha wakaweka maneno yanayojulikana sana kuhusu mtu kuiogopa nuru yake mwenyewe kuliko giza lake, wakaandika: Nelson Mandela, hotuba ya kuapishwa, 1994.

Mandela hakuyasema maneno hayo siku ile ya tarehe 10 Mei 1994. Yameandikwa na mwanamke wa Kimarekani, Marianne Williamson, katika kitabu chake cha mwaka 1992. Vijana waliyasikia mara ya kwanza katika filamu ya Coach Carter ya mwaka 2005, ambamo kijana mmoja anayatamka mbele ya kocha wake bila kumtaja aliyeyaandika. Tena katika filamu hiyo, sehemu za mwandishi zinazomtaja Mungu zimeachwa. Basi angalieni yaliyotupata: maneno ya mwanamke mmoja, yaliyopunguzwa na filamu moja, yakawekwa chini ya picha ya filamu nyingine, kwa jina la mtu ambaye hakuyasema. Na kila aliyeiona kalenda alisema, "Maneno mazito sana haya ya Mandela."

Mjumbe mmoja alishauri tubadilishe, tuweke maneno ambayo Sarafina anamwambia Mandela akiwa mbele ya picha yake ukutani. Wazo lilikuwa zuri. Lakini rasimu ya kwanza ilipokuja, jina lililoandikwa chini lilikuwa Mandela tena! Ndugu zangu, anayesema na anayeambiwa ni watu wawili.

Tano, tafsiri. Hili ndilo lililomwumiza mama wa Oktoba, nasi tutalirudia katika sehemu ya nne.

2. NAMNA YA KUCHAGUA

Maneno yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado yasifae. Kabla ya kuuliza "yalisemwa kweli?", kamati iulize kwanza maswali haya manne.

(a) Je, yanasimama yenyewe? Nukuu inayohitaji dakika tano za maelezo haifai kwenye kalenda. Iacheni, au iwekeni katika makala ambapo mna nafasi ya kueleza.

(b) Je, yanakumbukwa na watu, au yamempendeza mmoja tu? Wasomeeni watu watatu au wanne waliotazama filamu ile. Wakitabasamu kabla hamjamaliza, mmepata. Wakiuliza "yalikuwa wapi hayo?", tafuteni mengine.

(c) Je, filamu yenyewe inakubaliana nayo? Mwezi wa Agosti tuliweka "Hakuna matata" juu ya picha ya kamati ya zahanati. Wageni wengi kutoka ng'ambo huyapenda maneno haya, na wengine hudhani ni methali yetu kuu. Yalivuma duniani kwa filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, ingawa tayari yalikuwa yamesikika katika wimbo wa Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya mwaka 1982. Lakini kumbukeni kisa cha filamu. Timon na Pumbaa wanamfundisha Simba maisha ya kutojali alipokuwa amekimbia kwao. Mwishoni Simba anayaacha maisha hayo, anarudi kubeba wajibu wake. Sisi tuliwapa wajumbe wa zahanati, watu wanaokesha kutafuta dawa na mafuta ya pikipiki, maneno ambayo mwenye filamu mwenyewe ameyaacha njiani. Maneno yalikuwa sahihi, mahali pakawa si pake.

(d) Je, tunayachagua kwa sababu ni ya kweli au kwa sababu yanatusifu? Swali hili linatuhusu zaidi sisi wenye miradi. Katika mahojiano ya nusu saa mtu husema mambo mengi: hushukuru, hulalamika, huuliza. Tukichukua shukrani tu kila mara, hatujasema uongo hata neno moja, lakini tumemfanya mtu mwingine.

3. HATUA ZA KUHAKIKI

Wajumbe wetu wanajua vizuri utaratibu wa fedha. Malipo hayaingizwi kwenye daftari bila stakabadhi, na hundi haitoki kwa sahihi ya mtu mmoja. Tumeona utaratibu huo huo unafaa kwa maneno.

Hatua ya kwanza: Tazameni filamu yenyewe. Si kipande cha matangazo, si kalenda ya mwaka jana, si ujumbe uliotumwa kwenye simu. Kama filamu haipatikani, nukuu hiyo isubiri.

Hatua ya pili: Andikeni neno kwa neno, kwa lugha iliyosemwa. Simamisheni picha, rudisheni nyuma, sikilizeni mara tatu. Kama msemaji alisita au alirudia neno, liandikeni katika rasimu. Kama mnaacha sehemu katikati, wekeni nukta tatu ili msomaji ajue kuna kitu kimeachwa. Kama sehemu iliyoachwa inageuza maana, msiiache.

Hatua ya tatu: Andikeni dakika na sekunde. Hii ndiyo stakabadhi yenu. Mtu akiuliza baada ya miaka miwili, mtamwonyesha mahali penyewe bila mabishano.

Hatua ya nne: Tenganisheni majina. Katika filamu ya maigizo kuna mhusika anayesema, mwigizaji anayemwigiza na mwandishi aliyetunga maneno. Pengine yupo pia msimulizi au mfasiri. Tom Hanks si Jim Lovell, na Lovell si mwandishi wa filamu. Kwa kalenda inatosha kuandika jina la mhusika, jina la filamu na mwaka wake. Katika daftari lenu andikeni majina yote mliyoyapata.

Hatua ya tano: Mkitafsiri, semeni kwamba mmetafsiri. Andikeni "tafsiri yetu". Kisha mpeni mtu mwingine Kiswahili chenu peke yake, airudishe katika lugha ya kwanza bila kuona maneno ya awali. Mkilinganisha mtaona palipopotea kitu.

Hatua ya sita: Sahihi ya pili. Aliyechagua nukuu asiwe ndiye anayeihakiki. Macho ya anayeipenda nukuu huona anachotaka kuona. Mpeni mjumbe mwingine jina la filamu, dakika na sekunde tu, asikilize na aandike anachosikia. Maandishi mawili yakilingana, tieni sahihi wote wawili. Yasipolingana, kaeni tena mbele ya filamu.

Utaratibu huu unafaa hasa kwa kazi ya pamoja. Kalenda yetu ilikuwa ya watu wengi, na ndiyo maana kila mmoja alidhani mwenzake amehakiki. Kazi ya wengi ina nguvu pale tu kila kipande kinapokuwa na jina la aliyekiangalia.

Tukumbushane pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachofaa, mradi chanzo na jina la mtunzi vitajwe. Kuandika chanzo ni adabu, na pia ni sheria.

4. FILAMU ZETU WENYEWE

Sasa tumrudie mama wa Oktoba. Katika filamu za maigizo, kosa la nukuu humwudhi mtazamaji. Katika filamu za miradi, humgusa mtu aliye hai, anayeishi na majirani waliomsikia akizungumza.

Tulipofungua kanda ya mahojiano tuliyaona maneno yake wazi. Alisema: "Kisima tulichimba wenyewe. Saruji ndiyo iliyotushinda, tukaomba msaada, tukasaidiwa." Sentensi mbili fupi, nzima, za kweli.

Tulifuatilia njia iliyopita maneno hayo. Kwanza yaliwekwa katika maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Maandishi hayo yana nafasi ndogo, kwa kawaida mistari miwili yenye herufi kama 40 kila mmoja, maana mtazamaji lazima aweze kuyasoma kabla picha haijaondoka. Mfasiri akafupisha, na kwa kufupisha akaandika kwa namna isiyomtaja mtenda: kisima kilichimbwa. Nani alikichimba hapakusemwa. Pili, maandishi yale yakaingia katika kipeperushi cha Kiingereza cha kuwashukuru wafadhili, na sentensi ya saruji ikakatwa kwa kukosa nafasi. Tatu, kijana wetu wa kalenda akapewa kipeperushi, si filamu, ayarudishe maneno katika Kiswahili. Akaona kisima kilichimbwa, akaona ni kipeperushi cha shukrani, akahitimisha kwamba walichimbiwa. Hakudanganya. Alijaza pengo ambalo sisi wakubwa zake tulilitengeneza.

Hivyo maneno yaliondoka kijijini kwa Kiswahili, yakapita Kiingereza, yakarudi kwa Kiswahili, na njiani yakampoteza mwenyewe.

Madhara hayakuishia kwenye kalenda. Kabla ya hapo tulikuwa tumepokea barua kutoka kwa rafiki zetu mmojawapo wa ng'ambo, waliosoma kipeperushi. Waliuliza kwa heshima ni kwa nini wananchi hawakuchangia nguvukazi kama tulivyokubaliana, na kama awamu ya pili iendelee kwa masharti yale yale. Wakati ule hatukuelewa swali limetoka wapi, maana daftari la nguvukazi la kijiji lilikuwa limejaa majina na siku za kazi. Baada ya kuisikiliza kanda tukaelewa. Neno moja lililokosewa lilikuwa limekaribia kukinyima kijiji awamu ya pili, na wenyeji wasingejua kamwe sababu yake. Tuliwaandikia upya, tukawapelekea maneno kamili ya mama, dakika na sekunde yake, pamoja na nakala ya daftari. Awamu ya pili iliendelea.

Kwa filamu zetu, basi, tumeongeza hatua ya saba: Rudini kwa msemaji. Kabla ya kuchapisha, msomeeni maneno yake kwa lugha anayoielewa, na mwonyesheni picha itakayoambatana nayo. Akisema "sivyo", sivyo. Ikiwa alizungumza kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, hifadhini maneno hayo kwanza kwa lugha hiyo, ndipo tafsiri ifuate. Tafsiri zote zifanywe kutoka kwenye kanda, kamwe zisifanywe kutoka kwenye tafsiri nyingine. Na kama jambo alilolisema linaweza kumletea aibu au madhara kwa majirani, mwulizeni tena kama bado anataka lichapishwe, hata kama alishakubali siku ya kurekodi.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mnapopokea filamu au kipeperushi kutoka kwetu, mna haki ya kutuuliza: maneno haya yako dakika ya ngapi, na aliyeyasema ameyasikia? Swali hilo halitatuudhi. Ni ukaguzi, na ukaguzi hutusaidia.

5. TULIVYOSAHIHISHA

Kalenda zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa, na fedha ya kupiga nyingine haikuwepo. Vijana wa Soweto walichapa vipande vidogo vya karatasi vyenye maneno sahihi, wakakaa jioni mbili na gundi na mikasi, wakabandika kalenda moja moja. Machi ikapata jina la msimulizi wake. Mei ikaandikwa kuwa ni ya filamu ya mwaka 1995. Juni ikamtaja Marianne Williamson, na jina la Mandela likaondolewa. Agosti ikapewa maneno mengine, ambayo kamati ya zahanati iliyachagua yenyewe.

Kwa Oktoba nilirudi kijijini na kipande cha karatasi mkononi kabla hakijabandikwa. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo tulikuwa tumeandika sentensi ya kwanza tu: "Kisima tulichimba wenyewe." Nilidhani mama atafurahi. Mjukuu akamsomea, naye akatikisa kichwa tena.

"Na saruji mmeiweka wapi?" akauliza. "Iwekeni na saruji. Wasije wakadhani hatukusaidiwa."

Tulipunguza ukubwa wa herufi, sentensi zote mbili zikaenea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Taja maneno ya filamu ambayo watu wa usharika wako hupenda kuyarudia. Je, ni ya mhusika, ya mwandishi au ya msimulizi? Mtajuaje?

2. Chukueni kipeperushi au taarifa yenu ya karibuni. Tafuteni kila mahali palipo na alama za kunukuu. Ni nani anaweza kuonyesha chanzo cha kila nukuu leo hii?

3. Mama wa Oktoba alitusahihisha mara mbili. Mara ya kwanza alidai sifa ya kijiji, mara ya pili alidai sifa ya waliosaidia. Je, ofisi au kamati yenu ingekuwa na ujasiri wa kufanya lile la pili kama lingepunguza sifa yenu?

4. Zoezi: Wawili wenu mtazame dakika tano za filamu yoyote ya Kiswahili, kila mmoja peke yake, na muandike nukuu moja iliyokubaliwa, neno kwa neno. Linganisheni maandishi yenu mbele ya kamati, kisha hesabuni tofauti.

5. Nani katika kamati yenu atakuwa na sahihi ya pili? Andikeni jina lake katika muhtasari wa kikao.